Kufuta faili kuna maana ngapi? Uzi wa mifumo ya faili na ushahidi wa kidijitali

FundiKibokoni aliandika:

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Huu ni mwaka wa kumi na saba nikirejesha data zilizopotea katika kiduka kidogo nyuma ya Barabara ya Digo, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, nimeifuta, imekwenda kweli?" Anayeuliza huwa na mojawapo ya hofu mbili, ama anaomba Mungu iwe bado ipo, ama anaomba iwe imetoweka isionekane tena. Jibu langu huwaudhi wote wawili, kwa sababu huwarudishia swali: ulifuta ukiwa kwenye mfumo gani wa faili? Sisi tunalo neno moja tu, kufuta, lakini FAT hufuta kwa namna yake, NTFS kwa namna yake, na simu ya leo hufuta kwa namna ambayo fundi wa mwaka 1995 asingeitambua hata kidogo. Nimeanzisha uzi huu ili nionyeshe jinsi kazi ya uchunguzi wa kiforensiki ilivyobadilika kila mifumo hiyo ilipobadilika. Nitaandika kipande kwa kipande, nanyi niulizeni mahali penye giza.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Diski haijui faili ni nini. Inachojua ni visanduku vilivyopangwa kwa nambari, kila kimoja kikibeba kwa desturi ya zamani baiti 512, na siku hizi mara nyingi baiti 4,096. Chukueni mfano wa bohari kubwa pale Kilindini isiyo na kibao wala alama mlangoni mwa chumba chochote: anayejua shehena ya nani iko wapi ni karani peke yake, kwa sababu ana daftari. Mfumo wa faili ndio karani huyo pamoja na daftari lake. Mtu anapoagiza faili ifutwe, agizo humfikia karani, haliwafikii wapagazi. Naye karani hupiga mstari kwenye daftari, kisha chumba kikahesabiwa kuwa kitupu hali mzigo ungali ndani. Utakaa humo mpaka aje mwenye mzigo mwingine apewe chumba kilekile. Riziki yangu ya miaka yote hii imetoka katika muda huo ulio kati ya mstari wa karani na kuwasili kwa mzigo mpya.

FundiKibokoni aliandika:

Tuanze na FAT, kwa kuwa ndiyo mama yao na bado inaishi katika flashi na kadi za kamera zetu. Mwaka 1977 Marc McDonald wa Microsoft aliandika toleo lake la kwanza kwa ajili ya lugha ya BASIC iliyotumia diski laini. Miaka minne baadaye, yaani 1981, MS-DOS ilitoka ikiwa na FAT12, na ndipo mfumo huo ulipoingia maofisini duniani kote. FAT32 ilikuja mwaka 1996 na toleo la pili la Windows 95, ikiwa na ukomo ambao hadi leo huwashangaza wateja wangu wanaobeba filamu: faili moja haiwezi kufikia gigabaiti 4.

Daftari la FAT ni la kimaskini. Kila faili ina mstari wa baiti 32 unaobeba jina, ukubwa, tarehe, na nambari ya klasta ya kwanza, yaani fungu la kwanza la visanduku vya faili hiyo. Klasta zinazofuata huandikwa katika jedwali la pembeni, kila moja ikitaja inayoifuata, kama msafara wa punda walioshikana mikia. Faili inapofutwa, herufi ya kwanza ya jina hubadilishwa ikawa thamani E5, na ule msafara katika jedwali hufunguliwa kwa kuandikwa sifuri. Basi. Ukubwa unabaki, klasta ya kwanza inabaki, na data yenyewe haiguswi. Waundaji hawakuwa na nia ya kuwasaidia wapelelezi. Diski laini zilikuwa nzito kama kobe, na kuandika baiti moja kulikuwa nafuu kuliko kuandika mamia ya klasta. Mwaka 1982 Peter Norton aliuza programu zake za kwanza, mojawapo ikiwa ya kurejesha faili iliyofutwa, na kazi yake kubwa ilikuwa kumwuliza mwenye mali herufi ile moja iliyopotea, kisha kukisia kwamba klasta zilifuatana. Zilipokuwa zimetawanyika, ukisio ulifeli, na unafeli vivyo hivyo leo.

Uvivu huo wa karani uliwahi kumtia mbaroni muuaji. Dennis Rader, aliyeua watu kumi katika eneo la Wichita, Marekani, kati ya 1974 na 1991, aliwauliza polisi kama diski laini inaweza kumfichua, wakamjibu kupitia tangazo la gazeti kwamba hakuna tatizo. Akatuma diski hiyo mwezi wa Februari 2005 kwa kituo cha televisheni. Ndani yake wachunguzi walikuta hati ya Word iliyokwisha kufutwa, na metadata yake, yaani maelezo yaliyofichwa kuhusu hati yenyewe, ikataja kanisa la Christ Lutheran pamoja na jina Dennis. Alikamatwa mwezi huohuo. Angalieni kwamba hapakuwa na muujiza wowote wa kitaalamu. Palikuwa na herufi moja iliyobadilishwa, na mzigo uliobaki chumbani.

MzeeMakupa aliandika:

Umenikumbusha mbali, fundi. Nilikuwa mhasibu katika ofisi moja ya meli wakati diski laini zilipokuwa za inchi tano na robo na tulizihifadhi ndani ya makopo ya biskuti pamoja na mifuko ya mchele ili zisishike ukungu wakati wa masika. Kijana mmoja wa ofisi alifuta leja ya mwezi mzima, akaja kwangu analia. Tukaitafuta programu ya Norton, tukairudisha faili, lakini nusu ya pili ilikuwa barua ya mtu mwingine kabisa. Kwa miaka arubaini nimeamini kwamba programu ilikuwa mbovu. Sasa nafahamu kwamba ilikisia mahali ambapo punda wa msafara wetu walikuwa wamekwisha kutawanyika.

FundiKibokoni aliandika:

Shikamoo mzee. Ndivyo hasa ilivyokuwa, na kijana yule hakuwa na bahati tu.

Sasa NTFS, na hapa naomba subira, kwa sababu ndipo palipo na utajiri. Microsoft iliitoa mwaka 1993 pamoja na Windows NT 3.1, na karani wake ana tabia iliyo kinyume kabisa na ya yule wa FAT: huyu huandika kila kitu, tena mara mbili. Kila faili ina rekodi katika jedwali kuu liitwalo MFT, rekodi ambayo kwa kawaida ni ya baiti 1,024, na faili ikiwa ndogo, chini ya baiti 700 hivi, data yake huwekwa ndani ya rekodi yenyewe bila kupewa klasta. Ndiyo maana nimewahi kukuta maneno ya siri ya mtu ndani ya jedwali la diski ambayo sehemu zake nyingine zote zilikuwa zimeandikwa upya. Faili inapofutwa, rekodi huwekewa alama ya kuwa haitumiki, lakini orodha ya klasta zake husalia mpaka rekodi ipewe faili nyingine. Kwa hivyo hata faili iliyotawanyika hurudi nzima, jambo ambalo FAT haikuliweza.

Utajiri mkubwa zaidi uko katika nyakati. NTFS hupima wakati kwa vipande vya nanosekunde 100 kuanzia tarehe 1 Januari 1601, kwa saa ya dunia ya UTC. Huwaambia vijana wanaojifunza kazi dukani kwangu kwamba saa hiyo inaanza kuhesabu miaka mitano tu baada ya Wareno kumaliza kujenga Ngome ya Yesu. Kila faili ina seti mbili za nyakati nne: moja ndiyo inayoonyeshwa na Windows, na programu za kawaida zinaweza kuibadilisha, nyingine imo pamoja na jina la faili, na hubadilishwa na mfumo wenyewe. Mtu anayerudisha nyuma tarehe ya hati kwa ujanja mara nyingi hugusa seti ya kwanza na kuisahau ya pili. Juu ya hayo, tangu Windows 2000 kumekuwa na daftari la mabadiliko linaloandika kwamba faili fulani iliundwa, ikapewa jina jipya, au ikafutwa, hata kama data yake imekwisha kutoweka.

Lakini wingi wa maandishi si wingi wa ukweli, na hapa nina kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa diski ya ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa mjini. Karani wao alishutumiwa kughushi ankara, na ushahidi dhidi yake ulikuwa kwamba faili ilionyesha kurekebishwa tarehe 14 Machi ilhali iliundwa tarehe 2 Aprili. Mkuu wake alinitazama kwa ushindi: kitu kinarekebishwaje kabla hakijazaliwa? Swali zuri, lakini jibu lake halihitaji wizi. Windows inaponakili faili kutoka mahali pamoja hadi pengine, nakala hupewa tarehe mpya ya kuundwa na kubaki na tarehe ya zamani ya kurekebishwa. Nilipotazama jirani zake, nikakuta faili mia sita na zaidi zilizozaliwa tarehe 2 Aprili ndani ya dakika tatu, na rekodi zake katika MFT zikifuatana kama shanga. Zaidi ya hapo, sekunde za kurekebishwa kwa faili zote hizo zilikuwa namba shufwa, bila sehemu yoyote ya sekunde. FAT haiwezi kuhifadhi wakati wa kurekebisha kwa usahihi unaozidi sekunde mbili. Kwa hivyo faili zile zilikuwa zimepita kwenye flashi. Faili ya zipu ingeweza kuacha alama hiyohiyo, nami niliandika hivyo katika ripoti, lakini flashi yenyewe ilipatikana kwenye droo. Kompyuta ya zamani ilikuwa imebadilishwa siku hiyo, na karani alihamisha kazi yake kama alivyoagizwa. Alirudishwa kazini, ingawa mshahara wa miezi miwili aliyofungiwa nje hakuupata.

WakiliTudor aliandika:

Fundi, mchango huu una faida kubwa, na ninaomba uuendeleze hadi mahakamani. Sisi mawakili hubishana sana kuhusu cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, na hivi karibuni wakili mwenzangu alidai kwamba ripoti iliyotumia MD5, ile hesabu ya kuthibitisha kwamba nakala haijabadilika, itupwe yote kwa kuwa MD5 "imevunjwa". Je, ana hoja?

FundiKibokoni aliandika:

Wakili, sheria ni shamba lako, mimi nitasema la upande wangu. Kifungu cha 106B kinataka cheti kinachoitambulisha rekodi, kinachoeleza ilivyotolewa na kwa kifaa gani, kikiwa na sahihi ya mtu mwenye wadhifa unaohusika na kifaa hicho. Kifungu cha 78A, kilichoongezwa mwaka 2014, kinaiambia mahakama isikatae ushahidi wa kidijitali kwa sababu tu haukuletwa katika umbo lake la asili, ila ipime jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Kwa fundi, maneno hayo yana tafsiri moja: usiiguse diski ya asili. Kuwasha Windows tu hubadilisha mamia ya faili. Huiunganisha diski kupitia kifaa kinachozuia amri zote za kuandika, nikachukua nakala ya biti kwa biti, nikakokotoa alama ya hashi ya diski na ya nakala, yaani namba fupi inayobadilika data ikiguswa, kisha nikaifungia diski ndani ya bahasha iliyotiwa sahihi na kufanya kazi juu ya nakala pekee.

Kuhusu MD5, mwenzako ana nusu ya hoja. Ron Rivest aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake walionyesha kwamba inawezekana kutengeneza faili mbili tofauti zenye hashi moja. SHA-1, hesabu nyingine ya hashi, nayo ilifikwa na jambo hilohilo mwaka 2017. Lakini kilichoonyeshwa ni kwamba mtu anaweza kuandaa faili mbili kwa makusudi, zote akiwa amezitunga yeye mwenyewe. Hakuna aliyeonyesha kwa vitendo kwamba diski iliyokwisha kupimwa inaweza kubadilishwa ikabaki na MD5 ileile. Hata hivyo, mimi huandika SHA-256, hesabu iliyo imara zaidi, pamoja nayo, kwa sababu haigharimu chochote na humnyima wakili wa upande wa pili saa nzima ya maswali.

Kinachoharibu kesi zaidi, kwa uzoefu wangu, si hashi bali saa. Nilikaa katika chumba cha mahakama ambapo shahidi alisema kwa Kiswahili safi kwamba duka lilifungwa saa mbili usiku. Mfasiri akamwandikia hakimu saa 2:00 usiku kwa hesabu ya kizungu. Ripoti yangu ilikuwa na 17:04, kwa kuwa NTFS huweka UTC na programu ilikuwa haijaambiwa tuko mbele kwa saa tatu, na kinasa picha cha kamera za ulinzi kilisema 20:15 kwa kuwa saa yake ilikuwa mbele kwa dakika kumi na moja. Nyakati zote tatu, ya shahidi, ya ripoti na ya kinasa, zilimaanisha wakati mmoja: saa mbili na dakika nne usiku, 20:04 kwa saa yetu. Asubuhi nzima iliishia hapo. Tangu siku hiyo ukurasa wa kwanza wa ripoti zangu hueleza saa, na kosa la 17:04 nililibeba mwenyewe. FAT, kwa kukukumbusha, haihifadhi UTC; huandika saa ya ukutani ya kompyuta iliyoishika wakati huo, bila kutaja iko nchi gani.

MamaShamim aliandika:

Samahanini kwa kuingilia mazungumzo ya wataalamu. Nina kadi ya kamera ya gigabaiti 64 yenye picha za kupamba za binti yangu, na mpwa wangu ameifomati ndani ya kamera akidhani ni ya kwake. Amekwisha kupiga picha tatu au nne mpya. Je, nimepoteza zote?

FundiKibokoni aliandika:

Pole sana, mama. Itoe kadi hiyo kwenye kamera sasa hivi, usiiweke kwenye simu wala kompyuta kwa majaribio, na usikubali mtu apakue programu ya kurejesha akaiweka kwenye kadi yenyewe. Kadi inayozidi gigabaiti 32 kwa kawaida hutumia exFAT, mfumo wa mwaka 2006, na kufomati kwa haraka huandika daftari jipya juu ya la zamani bila kusafisha vyumba vyote. Zipo kamera chache zinazoiamuru kadi ijifute yote, kwa hivyo siahidi. Niletee kabla ya adhuhuri kesho.

KijanaWaBamburi aliandika:

Mwalimu, nasomea teknolojia ya habari na tumefundishwa kwamba faili iliyofutwa hubaki mpaka iandikwe juu. Nilijaribu kwenye kompyuta yangu yenye diski ya SSD, ile ya chipu za flashi: nilifuta picha, nikasubiri dakika chache, nikasoma klasta zake, nikakuta sifuri tupu. Je, nilikosea?

FundiKibokoni aliandika:

Hukukosea, kijana wangu. Ni vitabu vyenu ambavyo vimechelewa, na hata mfano wangu wa bohari unaanza kupasuka hapa.

Chipu za flashi haziwezi kuandikwa juu ya kilichopo. Ukurasa ulioandikwa lazima ufutwe kwanza, na hauwezi kufutwa peke yake bali pamoja na kundi kubwa la kurasa, tena kila kundi lina idadi ya mara linazoweza kufutwa kabla ya kuchakaa. Kwa hivyo ndani ya SSD kuna karani wa pili asiyeonekana na mfumo wa faili, ambaye kila mara huhamisha mizigo ili vyumba vichakae kwa usawa. Zamani karani wa kwanza hakumwambia wa pili kwamba faili imefutwa, naye wa pili akaendelea kuhamisha takataka kana kwamba ni mali. Amri ya TRIM, ambayo Windows 7 ilianza kuitumia mwaka 2009, ndiyo iliyowaunganisha: sasa kufuta faili hupeleka habari hadi ndani, na diski nyingi hurudisha sifuri mara moja ukisoma mahali pale, kisha husafisha chipu kwa wakati wake. Husafisha hata kebo ya data ikiwa imechomolewa, mradi umeme upo. Maana yake ni kwamba kielelezo kinaweza kuendelea kujibadilisha mezani kwa mchunguzi akiwa na kifaa chake cha kuzuia maandishi na dhamiri safi.

Simu zimekwenda mbali zaidi. Nyingi za Android hutumia ext4 au F2FS, ambayo Samsung iliitoa mwaka 2012 ikifuata wazo la Mendel Rosenblum na John Ousterhout wa Berkeley la kuandika kila badiliko mahali papya, kama mtu anayeongeza mistari mwishoni mwa daftari bila kurudi nyuma. Lakini jambo zito ni usimbaji, yaani kuzifunga data kwa ufunguo wa siri. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu mpya zinatakiwa kusimba data zake, na simu inaporudishwa katika hali ya kiwandani ufunguo huharibiwa. Mizigo yote ipo bohari, ila imekuwa vumbi lisilo na maana. Mteja anayeniletea simu ya namna hiyo mimi humrudishia siku hiyohiyo, bila kumtoza.

Hapo ndipo ninapoona mkono wa kazi yetu umegeuka. Wazee wa FAT walitafuta kilichomo ndani ya faili, na mara nyingi walikipata kwa sababu karani alikuwa mvivu. Sisi wa leo tunazidi kukosa kilichomo, lakini tuna alama nyingi zaidi za kilichotendwa: lini flashi ilichomekwa, faili ipi ilifunguliwa, jina lipi lilibadilishwa. APFS ya Apple ya mwaka 2017 na ZFS ya Sun ya mwaka 2005 hata huweza kuhifadhi diski nzima jinsi ilivyokuwa saa fulani, na mtuhumiwa aliyefuta faili jana asijue kwamba juzi yake ingali kamili. Wapo wenzangu wasioukubali msimamo huu, wakisema bila yaliyomo huna kesi. Mimi nimeona kesi mbili zikisimama juu ya daftari la mabadiliko peke yake.

Na usisahau kwamba siku hizi kuna mfumo wa faili ndani ya faili. Jumbe nyingi za simu, zikiwemo za WhatsApp, hukaa katika hifadhidata ya SQLite, iliyoanzishwa na Richard Hipp mwaka 2000. Ujumbe unapofutwa humo, mara nyingi ukurasa wake huwekwa tu katika orodha ya kurasa huru, na faili ya pembeni inayopokea maandishi kabla hayajaunganishwa inaweza kuwa na nakala yake. Yaani uvivu wa karani wa mwaka 1977 umehamia ghorofa ya juu.

WakiliTudor aliandika:

Na kompyuta za mitumba zinazouzwa mjini? Je, wauzaji wanasafisha diski?

FundiKibokoni aliandika:

Diski za sumaku, zile za zamani zisizo SSD, ndizo hatari hapo, kwa kuwa hazina TRIM ya kawaida. Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT walinunua diski 158 zilizotumika, wakachapisha matokeo mwaka 2003: kati ya 129 zilizosomeka, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Yaliyosalia yalijumuisha barua na namba za kadi za benki. Sina hesabu ya Mombasa, ila diski ya mitumba niliyonunua mwaka jana kwa ajili ya vipuri ilikuwa na orodha ya wagonjwa wa nchi ya mbali. Niliiandika sifuri mwanzo hadi mwisho kabla ya kulala. Mara moja inatosha kwa diski za kisasa. Zile mara 35 ambazo watu huzitaja zilitoka katika makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, na zilihusu aina nyingi tofauti za diski za enzi hiyo, si kila diski moja ipitishwe zote.

Nilisahau Linux, na nitapita haraka. Ext2 ya mwaka 1993 iliacha viungo vinavyoonyesha data ilipo baada ya kufuta. Ext3 ya mwaka 2001 ikaanza kuviandika sifuri, na mafundi wakalia. Faraja ilitoka mahali ambapo hawakutarajia: ext3 ilikuwa imeongeza daftari la kujilinda dhidi ya umeme kukatika, na ndani yake mara nyingine huonekana nakala ya zamani ya rekodi ileile iliyofutwa. Kwa sisi tunaoishi na umeme unaokatika bila hodi, daftari hilo lilikuwa neema mara mbili. Vinasa vya kamera za ulinzi navyo ni balaa la pekee, kwa kuwa watengenezaji wengi hubuni mifumo yao wenyewe isiyosomeka na Windows wala Linux, tena huzunguka na kuandika juu ya picha za kale. Ikiwa duka lako limevunjwa, zima kinasa siku hiyohiyo, lakini piga kwanza picha ya skrini yake pamoja na saa ya simu yako, ili tofauti ya saa ijulikane.

MamaShamim aliandika:

Fundi, naomba uwaeleze wenzako matokeo, maana mimi sikuelewa yote ila nililia kwa furaha.

FundiKibokoni aliandika:

Kwa ruhusa ya mama, basi. Kadi ilikuwa ya exFAT na daftari la mzizi, yaani la folda kuu, lilikuwa limeandikwa upya, lakini lile la folda ya picha lilikuwa bado limelala mahali pake. Faili ikiwa imeandikwa kwa klasta zinazofuatana, exFAT haijisumbui kuweka msafara katika jedwali. Huandika tu klasta ya kwanza na urefu, na hayo mawili yalitosha kunirudishia picha nyingi pamoja na majina yake. Zilizobaki nilizitafuta kwa sura: kila JPEG huanza na baiti FF D8 FF na kuishia na FF D9, kwa hivyo programu hupita kadi nzima ikizitafuta alama hizo bila kumwuliza karani yeyote. Kwa jumla zilirudi picha 412. Sita za mwanzo zimekatika katikati, nusu ya juu bibi harusi na nusu ya chini kijivu, kwa sababu hapo ndipo picha nne mpya za mpwa zilipokaa.

Video moja iliyokuwemo kwenye kadi sikuiweza. Kamera huandika mwishoni mwa faili ya MP4 faharasa inayoeleza kila fremu iko wapi, na betri ilikuwa imekwisha kabla ya kurekodi kukamilika, kwa hivyo faharasa haikuwahi kuandikwa. Hilo lilitokea ukumbini, si mkononi mwa mpwa. Tarehe za picha zote zinasema Januari 2015, kwa kuwa saa ya kamera haikuwekwa tangu inunuliwe. Mama, zikija kupangwa kwenye albamu kwa mfuatano, fuata namba za majina ya faili, usifuate tarehe.